Bakuli la Supu Kando ya Njia: Habari za Chakula cha Barabarani katika Vietnam

(Maneno ya somo la historia kama lilivyosemwa redioni, yamepigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima.)

Somo la leo ni la historia, lakini msiogope. Hatutasoma habari za wafalme na vita vyao tu. Tutasoma habari za supu.

Huenda mmoja wenu anacheka na kusema, je, supu nayo ina historia? Ndiyo, inayo. Chakula anachokinunua mtu wa kipato kidogo kando ya njia chaweza kutueleza nani aliitawala nchi, nani alilala njaa, na nani alifukuzwa mahali pake pa kuuzia. Basi tuanze.

Mwalimu na aweke ramani ya dunia ukutani. Wekeni kidole juu ya pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, kisha kipitisheni juu ya Bahari ya Hindi kuelekea mashariki. Piteni Bara Hindi, piteni na Malaya, ndipo mtakapoiona nchi ndefu nyembamba iliyopinda kama herufi S. Hiyo ndiyo Vietnam. Upande wa kaskazini uko mji mkuu, Hanoi. Upande wa kusini uko mji mkubwa wa Saigon, ambao tangu mwaka 1976 jina lake la serikali ni Ho Chi Minh City, ingawa wenyeji wengi bado huuita Saigon.

Sasa fikirini kwamba mmesimama katika njia moja ya Hanoi, saa kumi na mbili asubuhi. Mama mmoja amekwisha kuwasha jiko lake la makaa. Vitu vyake vyote amekuja navyo begani, kwa mzegazega, yaani ule mti mrefu wenye mzigo mmoja mbele na mzigo mwingine nyuma. Wazee wetu wa pwani waujua mzegazega, maana wachukuzi wa maji walikuwa wakiutumia. Upande mmoja ipo sufuria, upande wa pili yapo mabakuli na tambi. Amepanga vigoda vyake, vifupi karibu kama mbuzi ya kukunia nazi. Karani aketi hapo, mchukuzi aketi, mwanafunzi naye aketi, magoti yao yakikaribia kugusa kidevu. Hapana meza ya mkubwa wala ya mdogo.

Chakula chenyewe huitwa phở. Herufi ph husomwa kama f yetu, na sauti hupanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza swali. Ni tambi pana za unga wa mchele, ndani ya supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka saa nyingi. Ndani ya supu wametia tangawizi na vitunguu vilivyochomwa kwanza motoni, mdalasini, tunda dogo kavu lenye umbo la nyota, na mara nyingi karafuu. Msomaji wa Unguja au Pemba akiunusa mvuke wa bakuli hilo atasema, harufu hii si ngeni kwangu. Mama huzichovya tambi katika maji ya moto kidogo tu, huzitia bakulini, huweka juu yake vipande vyembamba vya nyama na majani ya kitunguu, kisha humimina supu inayotokota. Mteja hukamua ndimu, huongeza pilipili, hushika vijiti viwili vya kulia, akaanza. Haipiti dakika mbili tangu aagize.

Wageni wengi hudhani kwamba chakula hiki ni cha tangu zamani za kale. Sivyo. Umri wake ni kama miaka mia moja na ishirini hivi, nacho kilizaliwa katika wakati wa kutawaliwa. Tazameni jinsi ilivyokuwa.

Zamani mkulima wa Vietnam hakuwa na desturi ya kuchinja ng'ombe hivi hivi. Ng'ombe na nyati wa kufugwa ndio waliovuta jembe katika mashamba ya mpunga. Nani achinje jembe lake? Kisha wakaja Wafaransa. Manowari zao zilipiga bandari ya Đà Nẵng mwaka 1858, wakauteka Saigon mwaka 1859, na kwa mikataba ya mwaka 1883 na 1884 wakaishika nchi yote iliyobaki. Mwaka 1887 wakaiunganisha na Kambodia na kuiita Indochina. Laosi ikaongezwa baadaye. Askari na maofisa wa Kifaransa walitaka nyama ya ng'ombe, kama walivyozoea kwao. Ng'ombe wakaanza kuchinjwa kila siku katika miji. Mafungu mazuri yakapelekwa mezani kwa Wafaransa. Mifupa na vipande vya pembeni vikabaki kwa wauza nyama, na mtu aliyevitaka alivipata kwa bei ndogo.

Wachuuzi hawakukawia. Katika mji wa Nam Định, penye kazi ya kufuma nguo, na katika Hanoi, palikuwa na watu wengi waliotoka mashambani kuja kutafuta kibarua. Hao walihitaji chakula cha moto, cha upesi, kisichomaliza mshahara. Wakati huo huo Wafaransa walikuwa wakijenga reli na madaraja. Lile daraja kubwa la chuma livukalo Mto Mwekundu pale Hanoi lilimalizika mwaka 1902. Penye kazi ya namna hiyo pana matumbo matupu, na penye matumbo matupu mchuuzi huja na sufuria yake.

Watu wa Hanoi na watu wa Nam Định wabishana mpaka leo ni nani kati yao aliyeanza. Wa Nam Định hukitaja kijiji kimoja kiitwacho Vân Cù, ambacho watu wake wengi walikwenda mjini kuuza phở. Wabishana hata juu ya jina. Wako wasemao kwamba limetoka katika Kifaransa, katika jina la nyama inayotokoswa kwenye chungu juu ya moto. Wengine wasema limetoka katika neno la Kichina la tambi za mchele. Kamusi ya Kivietnam iliyopigwa chapa Hanoi mwaka 1931 iliichagua njia ya Kichina. Mimi pia naona upande huo una nguvu zaidi, kwa kuwa Wachina wachuuzi wa tambi walikuwako katika miji ile ile. Lakini ile mifupa ilitoka kwenye meza ya Mfaransa, na mikono iliyoipika ilikuwa ya Wavietnam. Basi kila mmoja ana sehemu yake sufuriani.

Mwandishi mmoja wa Hanoi, Thạch Lam, aliyefariki mwaka 1942 angali kijana, aliona inafaa kuandika juu ya wachuuzi hao na vyakula vyao. Maandiko yake yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1943. Namtaja kwa sababu waandishi wengi wa wakati ule, hapa kwetu na kwingineko, hawakuona kwamba muuza supu astahili hata mstari mmoja.

Sasa twafika mahali pazito. Darasa lisome polepole.

Mwaka 1940 majeshi ya Japani yaliingia kaskazini mwa Vietnam. Wafaransa waliachwa waendelee kutawala, lakini chini ya kivuli cha Wajapani. Wakulima walilazimishwa kuuza mchele wao kwa serikali kwa bei ndogo mno. Mashamba mengine yaliondolewa mpunga, yakapandwa mimea ya kufanyia magunia. Dhoruba na mafuriko yakaharibu mavuno ya mwaka 1944. Kusini mchele ulikuwako, lakini ndege za Marekani na za wenzao zilikuwa zikipiga reli na meli, kwa hiyo haukuweza kufika kaskazini. Toka mwisho wa mwaka 1944 hata katikati ya mwaka 1945 watu walikufa kwa njaa vijijini na katika njia za Hanoi zenyewe. Hesabu za wanahistoria hazilingani: wako wasemao watu laki nne, wako wasemao milioni mbili. Katika njia zile zile ambazo mzegazega ulipita na supu, yalipita magari ya kuokota maiti.

Tarehe 2 Septemba mwaka 1945 Ho Chi Minh alitangaza uhuru pale Hanoi. Serikali mpya ilisema maadui ni watatu: njaa, ujinga, na mvamizi kutoka nje. Ndugu wa Tanzania watakumbuka jinsi Mwalimu Nyerere naye alivyowahesabu maadui watatu, umaskini, ujinga na maradhi. Juu ya njaa, watu waliombwa waache mlo mmoja kila siku kumi, na mchele huo wapewe wasio na kitu. Juu ya ujinga, siku sita tu baada ya uhuru, tarehe 8 Septemba, serikali ilianzisha madarasa ya watu wazima kama haya yetu. Mjue kwamba Kivietnam, kama Kiswahili, kilikuwa kikiandikwa kwanza kwa herufi nyingine kabla ya kuandikwa kwa hizi tuzitumiazo. Kwetu zilikuwa herufi za Kiarabu; kwao za namna ya Kichina.

Hapa nitatoka kidogo nje ya supu, maana jambo hili lawahusu ninyi. Katika masoko mengi ya wakati ule waliweka walinzi mlangoni na ubao wenye maneno. Mama aliyekuja na kapu lake aliambiwa asome neno moja. Akiweza, alipita mlango mzuri. Asipoweza, alipitishwa mlango mwingine ulioitwa mlango wa vipofu. Mimi sisifu kumwaibisha mtu mbele ya wenzake, hata kwa jambo jema. Lakini fikirini mchuuzi mwenye mzigo begani, supu yake inapoa, naye amesimama akihangaika na herufi.

Vita na Wafaransa vilikwisha mwaka 1954. Kwa mapatano ya Geneva nchi ikakatwa vipande viwili, kaskazini na kusini. Watu wa kaskazini wanaokadiriwa kuwa laki nane au zaidi wakahamia kusini, na phở ikahama nao. Huko Saigon ikabadilika. Watu wa kusini wapenda utamu na majani mabichi, kwa hiyo wakaweka pembeni sahani ya mrehani, choroko zilizochipua, na mchuzi mtamu wa soya. Mzee wa Hanoi akiona hayo hutikisa kichwa. Kwake yeye supu nzuri haitaki kufunikwa na bustani.

Miongoni mwa waliohama walikuwamo mume na mke waliofungua duka la mkate Saigon mwaka 1958, wakaliita Hòa Mã. Mkate wa ngano, mrefu kama fimbo, uliletwa na Wafaransa, na kwanza ulikuwa ghali, kwa sababu ngano haistawi katika nchi ile ya joto na unyevu. Mfaransa aliula mkate wake kwa uma na kisu, nyama ikiwa kando sahanini. Mteja wa Saigon, fundi au mwanafunzi, hakuwa na nafasi ya kukaa hivyo. Basi mkate ukafanywa mfupi, ukapasuliwa ubavuni, na kila kitu kikatiwa ndani: ini lililosagwa, vipande vya nyama, achari ya karoti, majani ya giligilani, pilipili. Mtu aliuchukua mkononi akaenda zake kazini. Huo ndio bánh mì ambao leo wauzwa hata London na Chicago, na mwaka 2011 neno lake liliingia katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford.

Huenda sasa mwauliza, kwa nini chakula hiki ni rahisi? Mchuuzi halipi kodi ya duka. Hupika chakula cha namna moja tu, kwa hiyo hapotezi kitu na mkono wake hupata wepesi. Tena hutumia kile ambacho wengine wamekiacha. Hiyo mifupa mmekwisha kuisikia. Kusini kuna wali uitwao cơm tấm, yaani wali wa chenga, zile punje zilizovunjika wakati wa kukoboa. Zamani chenga zilikuwa chakula cha maskini, na nyingine walitupiwa kuku. Wachuuzi wa Saigon wakazipika vizuri, wakaweka kipande cha nyama ya kuchoma juu yake, na leo matajiri hupanga foleni kula chenga.

Kuna na wale wauzao tambi ziitwazo hủ tiếu gõ. Neno gõ maana yake ni kugonga. Mwenye jiko hukaa pembeni mwa njia, na kijana wake huzunguka vichochoroni usiku akigonga vipande viwili vya mti. Ukisikia mlio, unaagiza mlangoni pako, na baada ya kitambo bakuli laja. Ninyi wa Mombasa na Unguja mnaomjua muuza kahawa kwa mlio wa vikombe vyake hamhitaji maelezo zaidi.

Vita vya pili, baina ya kaskazini na kusini pamoja na Wamarekani, vilifika mpaka ndani ya sufuria. Katika Saigon palikuwa na duka la phở liitwalo Phở Bình, na neno bình maana yake ni amani. Chini, wateja walikula, na miongoni mwao askari wa Kimarekani. Juu, katika chumba cha ghorofani, wakuu wa wapiganaji wa siri walipanga mashambulio ya mwaka mpya wa Kivietnam, mwanzoni mwa mwaka 1968. Mwenye duka, mzee Ngô Toại, alipeleka mabakuli juu na chini, asiseme neno. Baadaye alikamatwa akafungwa.

Kaskazini nako nyama iliadimika. Maduka ya serikali yaliuza phở yenye tambi na maji ya moto, basi. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakirusha juu ya Hanoi ndege ndogo za kupiga picha zisizo na rubani. Watu wakaitazama ile supu isiyo na nyama, wakaiita phở isiyo na rubani. Mimi jina hilo lanichekesha kila nilisomapo, na mara nakumbuka kwamba aliyelitunga alikuwa na njaa.

Vita vilikwisha mwaka 1975, lakini shida haikwisha. Mchele, nyama na nguo vilitolewa kwa mgao. Mtu alisimama foleni na kikaratasi chake tangu alfajiri, na biashara ya mtu binafsi ilibanwa. Mwezi wa Desemba mwaka 1986 chama tawala kiligeuza mwendo na kuruhusu watu wafanye biashara zao. Mabadiliko hayo huitwa Đổi Mới, maana yake kufanya upya. Wachuuzi wakajaa tena njiani, na kila mwenye jiko na sufuria aliweza kujaribu.

Msidhani kwamba toka hapo mama wa mzegazega alistarehe. Katika mwezi wa Julai mwaka 2008 mji wa Hanoi ulipiga marufuku uchuuzi katika njia 62. Wakubwa walisema njia zasongamana, uchafu wazidi, na mji mkuu wapaswa kuonekana nadhifu. Hayo yana ukweli wake. Mtu aendaye kwa miguu naye ataka mahali pa kupita. Lakini wachuuzi wengi ni wanawake wa vijijini ambao shamba haliwatoshi, nao hulala wengi chumba kimoja mjini kusudi wapeleke fedha za shule nyumbani. Polisi wakitokea, mama huinua mzegazega wake na kukimbia na supu ya moto. Akishikwa, hunyang'anywa vyombo au hutozwa faini. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Saigon nako walisafisha njia za katikati ya mji kwa nguvu. Baada ya miezi michache, vigoda vilirudi.

Tarehe 23 Mei mwaka 2016 Rais Obama wa Marekani aliketi juu ya kigoda katika duka moja la Hanoi, pamoja na mpishi Anthony Bourdain, wakala bún chả, yaani tambi na nyama ya nguruwe iliyochomwa. Chakula cha wote wawili pamoja na bia kilikuwa dola 6, naye mpishi ndiye aliyelipa. Wenye duka baadaye waliifunika meza ile kwa kioo. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 serikali ya Vietnam iliitangaza phở ya Hanoi, na ya Nam Định pia, kuwa urithi wa taifa. Supu imepewa cheti. Mama aliyeipika kando ya njia bado hutazama kulia na kushoto kabla ya kuweka mzigo wake chini.

Muda wetu waelekea kwisha. Mwalimu na awaulize wanafunzi kwa nini ng'ombe hawakuchinjwa ovyo kabla ya Wafaransa, na kwa nini mchele wa kusini haukufika kaskazini mwaka 1945. Kisha kila mmoja wenu kesho amwendee mama ntilie aliye karibu naye, anunue chai au uji ili asimpotezee bure wakati wake, na amwulize alianza lini kuuza, alijifunza kwa nani, na mchele wake watoka wapi. Andikeni majibu yake kwa mistari mitano, mje nayo darasani.